Mtoto kanyang'anywa simu, machicha ya nazi yakamtuliza: tupeane michezo ya nyumbani ya watoto wadogo

#1 Mama_Tausi

Wakuu, poleni na masika.

Nina binti wa miaka miwili na miezi saba. Tumepanga vyumba viwili huku Mbagala, uani tuko familia tano na kisima kimoja. Tangu mvua zianze mtoto hatoki nje, nami nikawa nampa simu aangalie katuni ili nipate kupika. Siku moja chaji ikaisha, akajitupa chini kana kwamba kuna msiba. Baba yake akasema simu mwisho leo. Kusema rahisi, yeye saa kumi na mbili asubuhi yuko kwenye daladala.

Siku ya kwanza kilio. Siku ya pili kilio. Siku ya tatu nilikuwa nakuna nazi ya maharage, nikakamua tui, machicha nikayaacha kwenye beseni nije niwapelekee kuku wa jirani. Mara kimya. Kile kimya cha mtoto ambacho kila mzazi anakijua kinavyotisha. Kugeuka namkuta kazamisha mikono mpaka kwenye viwiko, anachota machicha kwa kifuu, anamimina kwenye kikombe, anaongea peke yake: "hii ya baba, hii ya bibi". Maharage yakaiva, wali ukaiva, bado anamimina.

Tangu siku hiyo sijamrudishia simu, na machicha sijayatupa. Ninavyofanya: nayaosha kwa maji ya vuguvugu kutoa mafuta, nayakamua kwenye kitambaa, kisha nayaanika kwenye ungo. Mvua ikikataza nayakausha kwenye sufuria kavu, moto mdogo, bila kuacha kugeuza. Yakikauka yanakuwa laini kama theluji ya kwenye hizo katuni. Nusu nayatia manjano, nusu nayaacha meupe. Mabichi usiyalaze, asubuhi yananuka uchachu.

Kingine nilichojaribu ni unga wa kufinyanga. Vikombe viwili vya ngano (robo kilo hivi), kikombe kimoja cha chumvi, maji vikombe viwili, mafuta ya kula vijiko viwili vya chakula, na maji ya ndimu vijiko viwili. Koroga vyote vikiwa baridi mpaka mabonge yaishe, halafu bandika motoni usonge kama ugali. Ukiona unaachana na sufuria, epua, uache upoe, ukande. Rangi natia wakati wa kukanda. Kopo la siagi lenye kifuniko linautunza wiki kadhaa, ila kwa hali ya hewa ya Dar chumvi inavuta unyevu, unga unaanza kunata. Ukinata, ongeza ngano kidogo ukande tena.

Nimesoma kwamba hii wataalamu wanaiita michezo ya milango ya fahamu: kugusa, kunusa, kusikia, kuona, kuonja. Sawa. Mimi ninachotaka ni nyingine nyingi, maana huyu akizoea kitu siku nne anakichoka. Masharti ni mawili: visiwe vya kununua, na nisiwe nakaa nusu siku nakata makaratasi. Karibuni.

#2 kijana_wa_uswazi

Dada hongera. Ila hii kitu mbona sisi tulikuwa tunaita kucheza tu? Tulichezea matope, tukala na udongo wa kichuguu, na leo tuko hapa tunabishana mitandaoni. Mambo ya kuandikiana ratio za ngano na ndimu ni ya wazungu.

#3 Mama_Tausi

#2 Matope yako yalikuwa na uwanja. Mimi uwanja wangu ni korido ya mita moja na nusu yenye ndoo za watu. Nitafutie kiwanja, mtoto nakuletea kesho saa mbili.

#4 MwalimuAwali

Nafundisha darasa la awali, mwaka wa kumi na moja huu. Nimesoma #1 nikatabasamu, maana alichofanya huyo mtoto na kifuu ndicho tunachohangaika kukifundisha darasani kwa vifaa vya bei.

Nawaambia ninachokiona. Januari napokea watoto wa miaka mitano. Wengine wanataja herufi zote, wanaimba kwa Kiingereza, lakini ukimpa penseli anaishika kwa ngumi kama anataka kuchoma mshikaki. Vidole havina nguvu. Na nguvu hiyo haitokani na kuandika, inatokana na kubana, kuchota, kumenya, kufinya na kusokota. Kwa hiyo mama usihangaike na herufi kwa sasa. Mpe vibanio vya nguo avibane pembeni ya kopo. Mpe kitunguu saumu akimenye. Mpe trei ya mayai, ile ya matundu 30, atumbukize kizibo kimoja cha soda kila tundu, akimaliza avitoe aanze upya. Mpe mchele achambue, hata kama utaurudia mwenyewe baadaye.

Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyeanzisha mfumo wa kufundisha watoto wadogo, alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma, mtaa wa San Lorenzo, Januari 1907, watoto walikuwa wa vibarua, na kazi nyingi walizopewa zilikuwa kama hizi: kumimina, kufuta meza, kufunga vifungo. Leo jina lake linapachikwa kwenye shule za ada ya kutisha, na mzazi anaambiwa akanunue trei ya mbao yenye vikombe viwili. Vikombe viwili si unavyo kabatini?

#5 Mtu_wa_Kale

Samahani nitaharibu hewa. Mimi nimezaliwa miaka ya 70, nimepanga foleni ya unga duka la ushirika, nimekula ugali wa yanga ule wa njano mpaka nikauota. Kwetu mtoto akichezea chakula alichapwa. Leo naona watu wanamwaga kikombe kizima cha chumvi na robo ya ngano kufinyanga nyoka. Kuna nyumba hapo hapo Mbagala hiyo robo ni chapati za watoto watatu. Hamwoni aibu?

#6 Bi_Zuhura

#5 Baba umenena. Mama mkwe wangu aliponikuta na mchele wa rangi alikaa kimya, akauosha wote, akaupika. Tulikula wali wa buluu. Sijarudia.

#7 Mama_Tausi

#5 Shikamoo. Sitabisha, kwa sababu hata mimi ngano ile ya kwanza ilinikaa rohoni. Ndiyo maana machicha nayapenda zaidi: tui limeshaingia kwenye maharage, kinachochezewa ni kile kilichokuwa kinakwenda kwa kuku, na mtoto akimaliza kuku bado wanapata chao (yasiyo na rangi). Ila unga ule mmoja tumeutumia wiki ya tatu sasa. Chapati zingeisha siku hiyo hiyo.

Kwa wanaoona kama mzee, orodha yangu ya vitu visivyo chakula mpaka sasa: maranda ya seremala (yapepete, vumbi lake linakohoza, na uliza mbao ilikuwa na dawa au la), pumba, mchele uliotobolewa na wadudu, makumbi ya nazi, dodoki lililozeeka. Ongezeni.

#8 FundiWaya

Udongo wa mfinyanzi mmeusahau wote jamani! Huo ndio unga wa kufinyanga wa asili, hauna chumvi, hauna ngano, ukikauka unaumwagia maji unafufuka. Sisi Dodoma tulichimba korongoni, tukatoa ng'ombe wenye nundu, zizi zima, na mbwa wa kulinda. Wa kichuguu ndio mzuri kuliko wote maana mchwa wameshausaga. Dar nenda kwa wanaouza vyungu na vyetezo, ukiongea vizuri wanakuuzia bonge.

Halafu kina baba tusijifiche. Gari la boksi linachukua dakika ishirini. Boksi la maziwa au la dawa ya meno, vizibo vinne vya chupa ya maji, njiti mbili za mishikaki. Vizibo toboa wewe kwa msumari uliopashwa moto, mtoto akae mbali. Njiti ipite kwenye bomba la peni lililoisha wino ndipo uigundishe chini ya boksi, la sivyo magurudumu hayazunguki, yanaburuza. Hili la bomba la peni wengi hawalijui. Ncha za njiti kata, uzisage kwenye sakafu. Akifika miaka sita, saba, mpeleke kwenye waya na magurudumu ya ndala zilizokatika.

Na mpira. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, mpira wa mifuko umekufa kifo cha asili, ila wa vitambaa uko pale pale: soksi moja, jaza vipande vya nguo, kaza, zungushia kamba ya katani au ya mgomba. Haudundi sana, kwa hiyo ndani ya nyumba hauvunji glasi. Kwa chumba cha kupanga huo ndio mpira.

#9 kijana_wa_uswazi

#8 hapo kwenye bomba la peni nimevua kofia. Utotoni magari yangu yote yalikuwa yanaburuza, kumbe!

#10 Nesi_wa_zamu

Naingia kidogo kabla hamjaenda mbali. Napenda uzi huu ila kuna mambo nayaona kazini.

Kwanza vitu vidogo. Chini ya miaka mitatu: maharage, karanga, mahindi makavu, mbegu za ubuyu, shanga, vifungo, hivyo si vya kuachiwa mtoto, na usijidanganye kwamba "niko hapa hapa". Vinapita njia ya hewa kwa sekunde. Vizibo vya soda alivyosema mwalimu ni vya mtoto wa awali, si wa mwaka mmoja. Kipimo changu cha haraka: kikipita katikati ya bomba la ndani la karatasi ya chooni, ni kidogo mno kwa mtoto anayetia vitu mdomoni.

Pili, maji. Mtoto anaweza kuzama kwenye maji yasiyofika kiwiko. Beseni la mchezo likiisha kazi limwagwe saa hiyo hiyo, usiseme utamwaga ukimaliza kufua. Ndoo zenu za koridoni ziwe na vifuniko.

Tatu, ule unga wa #1. Ngano mbichi inaweza kuwa na vijidudu, kwa hiyo kuupika kama alivyofanya mama ni sahihi. Chumvi ni nyingi sana. Kuonja hakumdhuru, atatema mwenyewe. Lakini anayelima donge zima anyang'anywe, chumvi ya kiasi hicho inamuumiza mtoto kwelikweli, na mbwa pia.

Nne, hili wengi hawalijui: zile mbegu nyekundu nzuri zenye doa jeusi, za mtipitipi, watu wanazitunga shanga. Zina sumu kali, hasa ikitafunwa au kutobolewa. Mbegu za mbarika vilevile. Na utomvu wa mnyaa wa kwenye ua ukiingia jichoni ni shughuli nzito. Majani ya kuchezea chagua unayoyajua.

Kuna na shanga za maji, zile punje za vyombo vya maua zinazovimba. Zikimezwa zinavimbia tumboni na zinaweza kuziba utumbo. Marekani maduka makubwa, Amazon na Walmart yakiwemo, yaliacha kuziuza kama vitu vya watoto Desemba 2023. Hapa ukiziona sokoni zipite.

#11 Bi_Zuhura

#10 Dada, mwanangu aliwahi kujitia choroko puani. Tulienda kituo cha afya usiku, foleni, yeye anacheka tu. Nyumbani tungefanya nini?

#12 Nesi_wa_zamu

#11 Kwanza usichokonoe, unaisukuma ndani. Usitie maji, nafaka inavimba. Kuna njia ya mama kumpuliza: mkalishe, ziba kwa kidole tundu lililo wazi, weka mdomo wako juu ya mdomo wake kama unambusu, puliza mara moja kwa nguvu ya wastani. Mara nyingi kitu kinatoka, au kinasogea mpaka kikaonekana. Ikikataa baada ya mara mbili tatu, nenda hospitali. Ila kama ni betri ndogo ya saa au ya rimoti, usipoteze muda na kupuliza, kimbia, inaunguza ndani ya saa chache.

#13 ShangaziMvita

Salaam aleikum kutoka Mombasa. Naona mmeshika unga na udongo, mmeusahau mnazi wenyewe.

Kuti moja bichi latosha asubuhi nzima. Mtoto mdogo hatasuka, lakini atakutazama. Nilikuwa nikiwakalisha wajukuu barazani, huyu nampa saa ya mkononi ya kuti, yule miwani, yule kititia akikimbia nacho kikizunguka kwa upepo. Mkubwa wa miaka mitano nikamuanzisha ukili wa miyaa mitatu, mpana, wa rangi tatu, ndio vidole vikafunguka. Ule ukili wake wa kwanza, uliopinda kama barabara ya mlimani, nimeushonea kawa la kufunikia chakula.

Na mchezo wangu mwingine ni wa leso. Natia vitu sita chini ya leso: kijiko cha mbao, ndimu, kitana, kifuu, dodoki, ufunguo mkubwa. Mtoto aingize mkono apapase, aseme ni nini kabla ya kukitoa. Wakichangamka naomba: "Nipe chenye miiba miiba", "Nipe cha baridi". Maneno yaja yenyewe: kinakwaruza, chateleza, kizito. Vikombe vidogo vya viungo navyo: iliki, karafuu, mdalasini, bizari nzima. Wafumbe macho wanuse, waseme ni chai au ni pilau. Pilipili manga usiweke, niliweka mara moja nyumba nzima ikapiga chafya.

#14 MwalimuAwali

#13 Shangazi, hilo la leso kesho naingia nalo darasani. Ukusanye msamiati namna hiyo bila kitabu!

#15 Baba_Wawili

Mimi swali langu tofauti. Mwanangu wa kwanza, miaka mitatu na nusu, hataki kushika chochote kilicholowa au kinachonata. Ugali anakula kwa kijiko, mchanga akikanyaga analia. Mke wangu alimlazimisha mikono kwenye unga kama huo wa #1 akatapika. Watu wanasema tumemdekeza.

#16 MwalimuAwali

#15 Msimlazimishe tena. Wapo watoto ambao ngozi yao inasikia kila kitu kwa sauti ya juu, si kudeka. Anzeni na vikavu: machicha makavu yale, au pumba, tena kwa kijiko na kikombe. Mkono ubaki msafi. Akizoea, mwachieni brashi ya kuchorea, baadaye kidole kimoja, na kitambaa chenye maji kiwe pembeni ajifute mwenyewe wakati wowote. Kujua kwamba anaweza kujifuta ndiko kunakompa ujasiri.

Mtengenezee na chupa ya kutuliza. Chupa ya maji safi isiyo na lebo, jaza nusu maji yenye rangi, robo mafuta ya kula, tia vipande vya karatasi ya kung'aa. Kifuniko paka gundi kali, kaza, uache kikauke usiku mzima. Akiigeuza anaona mafuta yanapanda, matone yanagawanyika, na hakuna kinachomgusa. Darasani kwangu mtoto akilia nampa hiyo kabla ya maneno.

Na kama kutopenda kugusa kunaambatana na mengine, hasemi maneno ya umri wake, haitiki jina, mpelekeni akaonwe kliniki. Mapema ni bora.

#17 Baba_Wawili

Anaongea sana, tena anatuongoza sisi. Asante mwalimu, tunaanza na pumba.

#18 Mtu_wa_Kale

Narudi. Nimemuonyesha mke wangu uzi huu, kanichekea. Kaniambia wewe uliyemchapa mtoto kwa kuchezea unga, si ndiye uliyekuwa unaiba uji wa ngano jikoni kugundishia tiara? Ni kweli. Njiti za makuti, karatasi ya gazeti, mkia wa tambara, na gundi ilikuwa uji mzito. Kwa hiyo nafuta kauli kwa asilimia hamsini.

Gundi hiyo ni hivi: ngano vijiko viwili kwenye kikombe cha maji baridi, koroga, chemsha mpaka ing'ae. Inagundisha karatasi vizuri kuliko ya dukani. Kasoro yake mende wanaipenda.

#19 Mama_Tausi

#18 Mzee, asilimia hamsini tunazipokea kwa mikono miwili.

Uji huo huo ukiugawa vikombe vitatu ukatia rangi ndio rangi ya vidole. Na hapa nina kitu cha kuwaonyesha. Nilikuwa nachorea kwa manjano ya jikoni: kijiko cha manjano kwenye maji kidogo, mtoto anapaka karatasi kwa pamba, nikaiacha ikauke. Kesho yake alikuwa ametoka kunawa, mkono una povu la sabuni ya mche, akaishika ile karatasi. Alama za vidole zikatoka nyekundu kama damu ya mzee! Nilishtuka nikidhani kajikata. Kumbe manjano ikikutana na sabuni au magadi inageuka nyekundu, ukiipaka ndimu inarudi njano. Sasa tunachora kwa sabuni kwenye karatasi ya manjano, anaita "karatasi ya uchawi". Nimejaribu na juisi ya rozela isiyo na sukari, yenyewe ikipata magadi inakimbilia buluu, ikipata ndimu inakolea wekundu.

Tahadhari: manjano haitoki kwenye nguo nyeupe kwa kufua. Ianikeni juani siku mbili, jua ndilo linaila.

#20 jirani_mkorofi

Nyie mnajua hela ya kucheza iko wapi? Kuna donge maarufu la kufinyanga la Marekani, Play-Doh. Lilianza Cincinnati kama kitu cha kusafishia karatasi za ukutani zilizoingia masizi ya makaa ya mawe. Watu walipoacha makaa, biashara ikazama. Mwalimu mmoja wa chekechea akawapa watoto wafinyange, na mwaka 1956 likaanza kuuzwa kama mchezo. Yaani takataka ya kufutia masizi imekuwa utajiri. Mama Tausi pakia machicha kwenye vikopo.

#21 kijana_wa_uswazi

😂😂 "Machicha ya Tausi, nusu kilo".

#22 Dada_Ustawi

Kwa aliyesema ni mambo ya wazungu: Desemba 2021 serikali yetu ya Tanzania ilizindua programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, PJT-MMMAM, ya watoto wa miaka 0 hadi 8. Ina maeneo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Vijijini tunapoendesha mafunzo ya wazazi tunatumia magunzi, vifuu na chupa, hakuna kingine. Mwanasesere wa gunzi la mahindi aliyefungwa kipande cha kitenge ndiye anayeshinda kila mara, na nywele za mahindi mabichi anasukwa kabisa.

Kuhusu simu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2019 unasema wa chini ya miaka miwili bora asikae mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni vizuri zaidi.

#23 mama_kachanga

Wangu ana miezi minane, haya yote atakula. Nimpe nini?

#24 ShangaziMvita

#23 Mwanangu, wa miezi minane dunia yote iko mdomoni. Mpe kapu la ukindu, ndani tia vitu vya nyumbani visivyo na ncha wala visivyovunjika: mwiko mdogo, upawa, dodoki safi lililochemshwa, kitambaa cha leso, ndimu nzima kubwa iliyooshwa, kikombe cha bati. Keti karibu unyamaze. Usimwonyeshe cha kufanya. Atakichukua, atakionja, atakigonga, atakitupa, atachukua kingine. Unga usimpe. Ukitaka achafuke, ndizi iliyopondwa kwenye sinia, hiyo akila ni faida.

#25 mama_kachanga

Shukran shangazi. Kapu ninalo, lina vitunguu tu 😅

#26 Bi_Zuhura

Jamani na kelele je? Mimi wangu anapenda kupiga. Nimemtengenezea kayamba la chupa, mchele kidogo ndani, kifuniko nimegundisha kama alivyosema mwalimu. Kopo la maziwa ya unga limekuwa ngoma. Shida ni mwenye nyumba.

#27 FundiWaya

#26 kopo la ngoma litie kitambaa ndani, na fimbo uifunge soksi kwenye ncha. Inatoa "bum" badala ya "kwang". Mwenye nyumba atadhani ni moyo wake.

#28 Mama_Tausi

Nimerudi na mrejesho wa wiki mbili, kwa waliouliza faragha.

Machicha bado yanaongoza. Mchezo wa leso wa shangazi ni wa pili, ila yeye sasa ndiye anayeficha vitu, mimi napapasa; juzi kaficha kiatu cha baba kina tope. Gari la bomba la peni baba yake alilitengeneza Jumapili, likawa la kwake, mtoto anaomba zamu. Vibanio vya nguo alivipenda mpaka alipoubana mkia wa paka, vimepanda juu ya kabati. Udongo wa mfinyanzi nilipata bonge kwa wauza vyungu, huo ni wa siku isiyo na mvua, uani, maana sakafu yetu ya saruji ilibaki na madoa na jirani alinitazama.

Lililonishinda ni chupa ya mvua, ile ya kutoboa kizibo matundu wamwagiliane. Walimwagiliana kweli, na godoro.

Kazi kubwa, nimegundua, si kutengeneza. Ni kufagia. Nilichofanya: nimetandika shuka kuukuu, mchezo wote unaishia kwenye mipaka ya shuka, ukiisha nakunja pembe nne nakung'uta nje. Na ufagio mdogo wa chelewa nimemkatia wa kwake, anafagia anaposikia mimi nafagia. Anatawanya zaidi kuliko anavyokusanya.

Simu bado anaiulizia, hasa jioni akichoka. Jana alilia dakika tano hivi, akaniambia "basi kuna nazi?" Hakukuwa na nazi. Tukaenda kununua.

#29 Mtu_wa_Kale

Nazi siku hizi bei gani huko Mbagala?

#30 Mama_Tausi

#29 Usiniulize mzee, muulize mwenye mtoto. Leo tumekula samaki wa nazi, kesho mchicha wa nazi, keshokutwa sijui.